Kujifunza Ufundi Magari Ukiwa na Familia ya Kulisha: Mwongozo Kamili

Ushauri mwingi kuhusu kujifunza ufundi umeandikwa kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayekula na kulala kwao. Akikosa nauli anabaki nyumbani. Akirudi amechoka anakuta chakula kimeshaiva. Wewe una miaka thelathini na kitu, una mwenzi na watoto, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kazi uliyonayo, iwe bajaji, ulinzi au kuuza duka la mtu, haikutoshi lakini ndiyo inayowalisha. Mwongozo huu ni wako. Nimeuandika nikiitazama Dar es Salaam. Wa Mwanza, Arusha au Mbeya atabadilisha majina ya mitaa tu.

Niseme msimamo wangu mapema: usiache kazi ili ukasome. Jifunze kwa mpangilio ambao kila unachokijua kinaingiza hela ndani ya miezi michache, na hela hiyo ndiyo ilipie hatua inayofuata. Ufundi magari unaruhusu hivyo. Huwezi kuwa nusu muuguzi ukalipwa, lakini fundi anayejua sevisi na breki peke yake ana kazi.

Hatua ya 1: Hesabu za nyumbani

Kaa na mwenzako, zima simu, andikeni kila kinachotoka kwa mwezi. Kwenye ukurasa mmoja wekeni visivyokwepeka: kodi, chakula, luku, maji, ada, nauli za watoto, dawa za mzazi kijijini kama mnazituma. Ukurasa wa pili ni vya kupunguza. Jumla ya ukurasa wa kwanza iandikeni mahali pa kuonekana, maana maamuzi yote yanayofuata yanapimwa kwa namba hiyo.

Kisha panga majira. Usianze Januari: ada, sare na madaftari vitakumaliza kabla hujashika spana. Desemba gereji zinajaa watu wanaoandaa magari ya kwenda mikoani, hasa wa Kilimanjaro, na fundi mwenye foleni ya magari hana muda wa kumfundisha mgeni. Mimi ningeanza Februari au Machi, baada ya kulipa kodi ya miezi sita. Masika ikiingia, mashimo ya barabarani huleta shokapu na bushi zilizokufa, madimbwi huleta matatizo ya umeme, na mwanafunzi anaona mengi kwa muda mfupi.

Akiba ya miezi mitatu ya visivyokwepeka ni nzuri ukiweza. Usipoweza, weka angalau mwezi mmoja kwenye kikoba au kibubu ambacho wewe mwenyewe huna ufunguo wake. Mikopo ya kausha damu isiguse mpango huu. Riba ya kila wiki haisubiri mtu anayejifunza. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo inafaa baadaye, mkiwa mafundi kadhaa mnaotaka vifaa vya pamoja, si kwa kununulia unga wakati unajifunza.

Jambo moja zaidi kwenye kikao hicho: mkubaliane muda. Mwambie mwenzako wazi kwamba kwa takriban mwaka mmoja na nusu Jumamosi si ya familia, na nguo zitanuka oili. Aliyeambiwa mapema huvumilia. Aliyeshtukizwa ataanza kuuliza maswali mwezi wa tatu, na atakuwa na haki.

Hatua ya 2: Chagua tawi la kuanzia

Ndani ya gereji kuna makanika, kuna fundi umeme, fundi wa kunyoosha bodi, fundi rangi, fundi AC, na mabingwa wa gia boksi otomatiki ambao huwaoni mchana kwa kutafutwa. Anza na umakanika wa kawaida: sevisi, breki, na mambo ya chini ya gari. Sababu ni ya kimahesabu. Injini ya Toyota IST haifunguliwi kila mwaka, lakini oili inabadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa na pedi za breki zinaisha hata kwa dereva mpole. Kazi ndogo zinazojirudia ndizo zinazolisha nyumba. Kufungua injini kunakupa sifa kijiweni, ila ukikosea unalipa injini ya mtu.

Umeme wa magari uwe tawi lako la pili. Unahitaji kichwa kuliko mgongo, na kwa mtu anayekaribia miaka arobaini hilo si jambo dogo.

Hatua ya 3: Chuo, gereji, au vyote viwili

Njia ya kwanza ni kozi ndefu ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Chuo cha Chang'ombe ndicho kinachojulikana zaidi Dar. Mafunzo yanakwenda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, na ada ya vyuo vya VETA imekuwa ndogo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na michango mingine. Tatizo lako si ada, ni saa. Kozi ya kutwa inakula mchana wote, na mchana ndio unaoleta unga.

Njia ya pili ni kozi fupi, nyingine za jioni, zinazotolewa na baadhi ya vyuo vya VETA na vyuo binafsi. Uliza chuo kilicho karibu nawe moja kwa moja.

Njia ya tatu ni kujifunza gerejini, kisha kuomba VETA wakupime na kukupa cheti kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa mwenye familia napendekeza hii ya tatu, ukiongeza kozi fupi moja ya umeme wa magari ukishazoea mikono michafu. Kenya mpango wa namna hii upo pia, na mafundi wa jua kali hupimwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya huko, kwa gredi, kuanzia ya tatu kwenda ya kwanza.

Mwenye mwenzi mwenye mshahara wa uhakika afikirie njia ya kwanza bila aibu. Kozi ndefu inafundisha hesabu na nadharia ambazo gereji nyingi hazina muda nazo.

Hatua ya 4: Kutafuta gereji na kukubaliana na fundi

Hapa ndipo wengi wanapotezewa miaka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Usiende kwenye gereji ya kwanza iliyo karibu na nyumbani. Zungukia nne au tano ukijifanya mteja au msindikizaji. Tazama chini ya gari lililoinuliwa: kuna stendi, au limeegemea jeki na tofali? Tofali likiwa ndilo linalobeba gari, ondoka. Tazama bolti zinapofunguliwa zinawekwa wapi. Gereji nzuri ina makopo, na kila kazi ina kopo lake. Tazama wanapofunga nati za tairi: je, wanakwenda kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, au wanazunguka tu? Sikiliza fundi anavyoongea na mteja. Anayesema "tubadilishe tuone" mara tatu kwa siku atakufundisha kubahatisha.

Angalia pia aina ya magari. Unataka gereji yenye IST, Vitz, Noah, RAV4 na Hiace, kwa sababu ndiyo magari utakayokutana nayo maisha yako yote hapa. Gereji ya malori italipa vizuri baadaye, lakini mteja wa mtaani hana lori.

Ukiipata, ongea na fundi mkuu peke yenu, jioni, kazi zikiisha. Mambo ya kukubaliana ni haya: siku na saa utakazokuja, kama unalipa ada au unalipia kwa nguvu zako, kama kuna hela ya nauli na chakula, ukiharibu kitu nani analipa, na baada ya miezi mingapi utaanza kupewa asilimia ya kazi unazozifanya mwenyewe. Yaandikeni kwenye karatasi na kila mmoja abaki na nakala. Fundi akikataa karatasi kwa sababu "sisi ni ndugu", mshukuru na uendelee kutafuta.

Kuna suala la umri ambalo watu hawalisemi. Anayekufundisha anaweza kuwa na miaka ishirini na minne. Ataona haya kukutuma soda, na akiona haya kukutuma soda ataona haya kukwambia umefunga vibaya. Mvunjie ukimya siku ya kwanza: mwite fundi, sio "dogo", mwambie hapa yeye ndiye mkubwa. Fagia, osha vifaa, kuwa spana boi wa kweli. Nje ya geti atakuamkia kama kawaida.

Ratiba inayowezekana

Dereva wa bajaji ana bahati kwa sababu hela yake iko asubuhi na jioni. Piga kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, gerejini hadi saa kumi, kisha rudi barabarani hadi usiku, siku tatu au nne kwa wiki. Kama unapeleka hesabu kwa tajiri, mwambie ukweli. Unaweza kumpa deiwaka, dereva wa kukushikia kwa muda, saa hizo za katikati ili hesabu isipungue.

Mlinzi wa usiku ana hatari moja: usingizi. Mtu aliyekesha asilale chini ya gari wala asishike grainda. Nenda gerejini siku za mapumziko tu, hata kama mwendo utakuwa wa pole. Muuza duka abanane na Jumamosi, siku yenye kazi nyingi kuliko zote, na Jumapili kama gereji inafungua.

Hatua ya 5: Nini kwanza, nini baadaye

Miezi ya mwanzo ni sevisi. Oili, filta zote, plagi, maji ya rejeta, mikanda, matairi, betri. Usiidharau. Jifunze kiasi sahihi, sio "jaza mpaka itoshe": injini ya 1NZ au 2NZ ya IST inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Oili ikizidi ina madhara yake kama ikipungua. Nati za tairi za Toyota hizi ndogo zinafungwa kwa nguvu ya 103 Nm (nyutoni-mita), na kuna spana ya toki inayopima hilo. Fundi anayeruka juu ya wili spana kwa miguu yote miwili anatengeneza kazi ya kesho: bolti itakatika siku mteja akipata pancha usiku.

Breki zinafuata. Pedi, viatu vya nyuma, diski, kutoa upepo kwenye mirija ya oili ya breki. Hapa hakuna kubahatisha wala "itashikilia". Baada ya kufunga, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, ndipo uliondoe. Oili ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi mwezi mzima haifai, na ikidondokea rangi ya gari itaibandua.

Kisha mambo ya chini: bushi, boljointi, shokapu, linki za stabilaiza. Jizoeze kutambua sauti. "Kong" kwenye tuta na "kri kri" kwenye kona si ugonjwa mmoja. Mwombe fundi akuache utaje kilichokufa kabla yeye hajakwambia.

Baada ya hapo ingia kwenye joto la injini, na hapa nina neno. Gari likichemsha, mafundi wengi mjini wanatoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Inahitajika. Injini imeundwa kufanya kazi kwenye joto maalumu. Bila thamostati inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli, gari linakula mafuta, na ugonjwa wenyewe, ambao pengine ni feni, rejeta iliyoziba au mfuniko uliokufa, unabaki palepale. Mwanafunzi huna sauti ya kubishana na fundi wako mbele ya mteja. Andika kwenye daftari, na ukiwa na wateja wako fanya inavyotakiwa. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata mteja akiwa na haraka ya namna gani.

Jua pia injini zinavyotofautiana kabla hujamtisha mteja. NZ za IST zinatumia cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali za injini kwa wakati wake; 5L ya Hiace ya dizeli inatumia mkanda, na mkanda una umri wake. Kumwambia mwenye IST abadilishe taimingi belti ni kujiaibisha.

Mwisho wa mwaka wa kwanza, umeme na kupima kwa mashine. Anza na multimita, kifaa rahisi chenye faida kubwa. Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka unatarajia kama 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu injini ikiwa inawaka, kagua alteneta inayochaji betri, mkanda wake na nyaya kabla hujamuuzia mtu betri. Kipimo hicho kinachukua dakika moja, na kwa macho ya mteja ndicho kinachomtofautisha fundi na mbabaishaji.

Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu nayo ielewe vizuri. Inakwambia kompyuta imeona nini. Haikwambii ubadilishe nini. Msimbo P0171 maana yake mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ukikimbilia kuuza sensa ya oksijeni umeiba bila kujua. Fuata mpira kwa mkono, safisha, pima, ndipo useme.

Katika yote haya, daftari na simu ni walimu wako wa usiku. Piga picha kabla ya kufungua kitu chochote. Andika tarehe, gari, injini, tatizo, ulichofanya na kama lilirudi. Vitabu vya matengenezo vya Toyota viko kwa Kiingereza, lakini michoro na namba hazihitaji Kiingereza kingi. Nusu saa watoto wakilala inatosha. Daftari hilo litakusaidia tena siku ya kupimwa kwa ajili ya cheti.

Hatua ya 6: Vifaa, kidogo kidogo

Usinunue boksi kubwa linalong'aa. Kwa mpangilio huu: glavu na tochi ya kichwa, spana za namba 8 hadi 19, soketi na racheti, bisibisi na plaisi, multimita, kisha jeki ya trole na stendi 2 kwa pamoja, kamwe jeki peke yake. Kisoma misimbo kidogo kije baada ya hapo. Kila kifaa kinunuliwe na hela ya gereji, sio ya chakula. Kwenye maduka ya mitaa ya Gerezani na Kariakoo utapata vya kila bei. Soketi ya bei ya kutupa hupasuka siku ya bolti ngumu, na ikipasuka inakula vidole, kwa hiyo namba 10, 12, 14 na 21 nunua nzuri, hizo ndizo utakazozishika kila siku.

Hatua ya 7: Hela ya kwanza

Baada ya miezi minne au mitano utaweza sevisi kamili bila kusimamiwa. Mwombe fundi ruhusa ya kufanya magari ya jirani na wenzako wa kijiweni siku za Jumapili. Ukifanya kwa kificho atajua, mji huu ni mdogo.

Tenganisha bei ya spea na bei ya ufundi tangu mteja wa kwanza. Desturi ya cha juu, ya kumwongezea mteja hela kwenye spea bila yeye kujua, naifahamu, na najua wengi wanaishi kwayo. Siipendi kwa sababu za kibiashara pia: mteja ana simu, anapiga duka la Kariakoo, anajua bei, na hakurudii. Taja ufundi wako wazi, mpe risiti, mrudishie spea ya zamani aione. Chukua hela ya spea kabla. Shemeji na mjomba nao watoe hela ya spea kabla. Ufundi unaweza kuwapunguzia.

Kazi usiyoiweza ipeleke kwa fundi wako na ukae naye ikifanyika. Gia boksi otomatiki isikushawishi.

Hatua ya 8: Cheti na tawi la mbele

Ukishakaa gerejini muda wa kutosha, nenda chuo cha VETA cha mkoa wako uulize tarehe za kupimwa kwa mafundi wa mtaani. Utaonyesha kazi kwa vitendo na kujibu maswali; wakiona upungufu, watakuelekeza ukajazie wapi. Mteja wa mtaani hatakuuliza cheti. Mgodi wa Geita, kampuni yenye magari thelathini, au halmashauri inayotangaza zabuni, hao watauliza.

Kama una nguvu ya kuendelea, tazama yanayokuja. Magari ya haibridi kama Aqua na Prius yanaongezeka, na mafundi wanaoyaelewa ni wachache. Nyaya zake za rangi ya chungwa zina volti za kuua, kwa hiyo usizikaribie bila mafunzo. Dar kuna pia mfumo wa gesi asilia, na DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni miongoni mwa vituo vinavyobadilisha magari kutumia gesi hiyo. Mitungi yake hujazwa hadi presha ya karibu bar 200, si kitu cha kujifunzia kwenye video.

Hatua ya 9: Lini uachie kazi ya zamani

Rudi kwenye jumla ya visivyokwepeka. Hela ya ufundi ikiifikia jumla hiyo miezi mitatu mfululizo, na mmoja wa miezi hiyo ukiwa mwezi mbaya, kazi ya zamani inaweza kuachwa. Mwezi mzuri mmoja si kitu. Inawezekana ulifungua injini moja tu.

Dereva wa bajaji amalize hesabu zake na tajiri na aachane naye vizuri, leseni aiendeleze iruhusu na magari, maana fundi asiye na leseni ya gari hawezi kulijaribu gari barabarani. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, kama sheria ya ajira inavyotaka, na adai cheti cha utumishi. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, isikatike: namba ya uanachama ni ileile, na aliyejiajiri anaruhusiwa kuendelea kuchangia mwenyewe. Ulizia utaratibu kwenye ofisi yao wiki ileile unayotoa notisi, kabla hela ya mwisho ya mshahara haijapata kazi nyingine.